Bingwa Ambaye Jirani Yake Hamjui

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali yenye kufariji. Inamwahidi fundi kwamba akituliza akili kwenye kazi yake mpaka ikaiva, watu watamfuata alipo. Lakini wapo mafundi ambao ahadi hii haikuwafikia, na mmoja wao ni Mkanada aitwaye Kane Waselenchuk.

Waselenchuk alizaliwa Edmonton mwaka 1981. Kazi yake imekuwa kucheza raketiboli, na tangu mwanzoni mwa karne hii aliwaacha wenzake mbali kwa namna ambayo ni nadra kuiona katika mchezo wowote ule. Mara 14 alimaliza msimu akiwa namba moja. Kuna kipindi alishinda mechi 137 mfululizo. Waliokuwa wakiingia uwanjani kupambana naye walikuwa watu waliokulia kwenye mchezo huo na wanaokula kwa mchezo huo, si watu wa mazoezi ya jioni. Ungedhani jina la mtu wa namna hiyo lingeandikwa kwenye fulana za watoto kila pembe ya dunia. Lakini nje ya ukoo mdogo wa wachezaji wa raketiboli, hata wapenda michezo wazuri hawalijui.

Tumezoea kupima kazi ya mtu kwa makofi anayopigiwa, hivyo maisha kama haya yanatutatiza. Je, ubora ambao haukutazamwa na wengi una thamani ileile? Na anayeutafuta miaka yote hiyo analipwa nini hasa?

Tuanze na mchezo wenyewe. Anayeijua skwoshi, ile inayochezwa katika klabu za zamani kama Gymkhana ya Dar es Salaam, yuko karibu kuuelewa. Raketiboli huchezwa ndani ya chumba kilichofungwa pande zote, urefu wake kama mita 12, upana mita 6 na kimo mita 6. Mpira ni wa raba, una uwazi ndani, unadunda sana, na unaruhusiwa kugonga ukuta wowote, hata dari. Raketi ni fupi na ina kamba ya kufungwa kwenye kifundo cha mkono ili isije ikachopoka na kumuumiza mwenzako. Mchezaji hodari akianzisha mpira kwa nguvu zake zote, mwendo wake hupita kilomita 240 kwa saa. Pigo linalotamaniwa kuliko yote ni lile la chini kabisa, mpira unapogusa ukuta wa mbele palepale unapokutana na sakafu, ukarudi ukibiringika bila kudunda. Huwezi kuupiga hivyo ukiwa wima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wachezaji wa raketiboli huinama mpaka magoti yakachakaa.

Aliyeubuni mchezo huu ni Joe Sobek, mwalimu wa tenisi na skwoshi, katika ukumbi wa YMCA mjini Greenwich, jimbo la Connecticut, Marekani, mwaka 1950. Alitaka mchezo wa haraka ambao mtu wa kawaida angejifunza siku moja na kuufurahia. Mchezo ukashika. Kufikia miaka ya 1970, klabu za raketiboli zilikuwa zikijengwa mji kwa mji Marekani nzima. Viwanda vya raketi vilianza kuwalipa wachezaji, na vijana waliotaka kuufanya mchezo huu uwe riziki wakahamia San Diego, California, uliokuwa makao yake makuu yasiyo rasmi. Hapo ndipo alipovuma Marty Hogan, kijana wa St. Louis. Kabla yake mchezo ulikuwa wa subira, watu wakirushiana mipira ya darini mpaka mmoja akosee. Hogan alikuja na kishindo, akawa anamaliza majibizano hata akiwa amesimama nyuma kabisa ya chumba. Ilionekana wakati huo kwamba raketiboli itakuja kukaa meza moja na tenisi.

Haikuwa hivyo, na sababu mojawapo ni hesabu ya chumba. Chumba cha raketiboli hubeba watu wawili kwa saa nzima, au wanne wakicheza kwa jozi. Mwenye klabu aligundua kwamba nafasi hiyohiyo ingeweza kubeba darasa zima la mazoezi ya viungo, au safu ya mashine za kukimbilia, na kila mtu akalipa ada. Vyumba vingi vikageuzwa. Televisheni nayo haikuupenda sana mchezo wenye mpira mdogo unaokwenda kasi kuliko jicho la kamera, tena ndani ya kuta nne. Wale waliouchagua uwe kazi yao ya maisha wakajikuta wamebaki na ufundi uleule lakini soko limehama.

Maisha ya mchezaji wa kulipwa wa raketiboli basi hayafanani na picha tuliyonayo ya mwanamichezo wa kulipwa. Mashindano ya kawaida hufanyika mwishoni mwa juma katika klabu ya mtaani, na wachezaji wa ridhaa wanacheza chumba cha pili yake. Mara nyingi bingwa halali hotelini. Hupokewa nyumbani kwa mwanachama wa klabu, akala chakula cha familia na kulala chumba cha mtoto aliyehamia kwa ndugu yake. Mshindi hupata dola elfu chache, na anayetolewa mapema huweza kurudi kwao akiwa ametumia nauli kubwa kuliko alichovuna. Kinachoziba pengo ni udhamini wa makampuni ya raketi, mafunzo anayotoa kwa wanachama kabla ya mashindano, na kwa wengi kazi nyingine kabisa ya siku za juma. Na juu ya hayo kuna mwili: bega, kiwiko, goti, mgongo.

Mchukue Rocky Carson wa California. Kwa miaka mingi kazi yake ilienda sambamba na ya Waselenchuk, maana yake ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa mtu wa pili. Si kwamba hakushinda. Alishika namba moja mwisho wa msimu wa 2007–08, na alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja mara tano mfululizo, kuanzia 2008 hadi 2016. Lakini katika ligi ya kulipwa, fainali baada ya fainali, aliingia chumbani na mtu aliyemzidi, akashindwa, akafungasha begi lake, akaenda mji unaofuata kujaribu tena dhidi ya mtu yuleyule. Tena aliendelea hivyo mpaka umri ambao wengi wa rika lake walikuwa wameshastaafu.

Sisi huwa hatuna maneno mazuri kwa mtu wa pili. Tunamwita aliyekosa, aliyekaribia kushinda, mwenye bahati mbaya ya kuzaliwa zama za mwingine. Lakini ubora wa namba moja unapimwa na nini kama si na namba mbili? Mechi 137 zingekuwa porojo kama waliopoteza wangekuwa dhaifu. Carson na wenzake, kwa kukataa kulegea, ndio walioupa ubingwa wa Waselenchuk uzito wake. Kuna heshima katika kuwa mzani wa kweli ambao mwingine anapimiwa, na heshima hiyo inadai kitu kigumu: kujiandaa kila mara kana kwamba safari hii utashinda, hali historia yote inakwambia kinyume. Aliyewahi kufanya kazi ofisi moja na mtu mwenye kipaji kumzidi anajua jinsi ilivyo rahisi kupunguza bidii na kuiita hali hiyo busara.

Sasa tuingie ndani ya chumba chenyewe, kwa sababu humo ndimo lilimo jambo linalonifikirisha zaidi. Katika tenisi au mpira wa wavu, wapinzani wametenganishwa. Kila mmoja ana upande wake, na kumdhuru mwenzake kunahitaji mpira uvuke mpaka. Katika raketiboli hakuna wavu. Wawili wanagombea nafasi ileile, migongo ikigusana, raketi zikipita karibu na masikio. Uliyekwisha kupiga unapaswa kumpisha mwenzako auone mpira na apate njia ya kuupiga sawasawa. Na anayetaka kupiga, akiona kwamba raketi yake au mpira wake unaweza kumpata mpinzani, anazuia mkono wake. Mwamuzi akikubali, majibizano yanarudiwa na hakuna aliyepoteza.

Sheria hii inastahili kutazamwa polepole. Inajua kwamba mtu katikati ya ushindani mkali hawezi kutegemewa kuwa na huruma inayomgharimu pointi, kwa hiyo imeiondolea huruma gharama yake: ukisita ili usimuumize mwenzako, hutanyang'anywa kitu. Lakini papo hapo imefungua mlango wa hila, maana mlaghai anaweza kujifanya amezuia mkono kwa usalama wa mwenzake kumbe mpira ulikuwa umeshamshinda. Jicho la mwamuzi aliye nje ya kioo, au juu ya ukuta wa nyuma, haliwezi kuona kila nia. Mchezo mzima unategemea watu wawili wanaotaka kushindana lakini wanaaminiana kiasi cha kupeana mgongo.

Hali ni hiyohiyo kwa lile pigo la chini. Mpira unaopigwa sentimita chache juu ya sakafu kwa kasi ile, je, uligusa ukuta kwanza au sakafu kwanza? Ukigusa sakafu kwanza, pigo ni batili. Mara nyingi anayejua kwa hakika ni mmoja tu, yule aliyeupiga.

Ndipo panapoingia kisa cha Ruben Gonzalez, ambacho wachezaji wa raketiboli wamekisimulia kizazi hadi kizazi. Gonzalez alikuwa mtu wa New York, aliyetoka katika mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa kiganja na kuingia kwenye raketiboli akiwa mtu mzima. Katika fainali moja ya kulipwa ya miaka ya 1980, pambano lilifika seti ya tano, na yeye akiwa amebakiza pointi moja tu kutwaa taji. Akapiga pigo la chini. Mwamuzi akalihesabu kuwa halali, akawa ameshinda. Gonzalez akageuka, akasema mpira uligusa sakafu kwanza. Pointi ikafutwa, na mwishowe akapoteza mechi.

Tukisikia kisa kama hiki, tunasifu haraka na kupita. Heri tukae nacho kidogo, tumpe nafasi anayepinga. Anayepinga atasema: mchezaji hakuajiriwa kuamua. Kuna mwamuzi, na kazi ya kila mtu iwe ya kila mtu. Siku nyingine mwamuzi atakosea dhidi yako na hakuna atakayekurudishia pointi, kwa hiyo mwishowe makosa yanajisawazisha. Hoja hii ina mantiki, na wengi wetu tunaiishi. Mhandisi anaona ufa, lakini mkaguzi ameshatia saini. Mhasibu anaona tarakimu haikai vizuri, lakini hesabu zimepitishwa. Muuzaji anajua mzani umelegea, lakini mteja hakuuliza. Kila mmoja ana mwamuzi wa kujificha nyuma yake. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngozi ikishakaza nani ataipima upya?

Tatizo la hoja hiyo ni kwamba inamfanya mwamuzi kuwa chanzo cha ukweli, wakati kazi yake ni kuutafuta tu. Kauli yake haikubadilisha mahali mpira ulipogusa. Ilibadilisha kilichoandikwa, na Gonzalez alijua tofauti ya vitu hivyo viwili.

Na hapa ndipo udogo wa mchezo unapokuwa na maana kwangu. Fikiria aliyedanganya katika mchezo wenye mamilioni. Uongo wake ni mbaya, lakini una kitu cha kumpa: nyumba, gari, mkataba, jina. Anaweza kujiambia kwamba alibadilishana ukweli kwa mali. Mchezaji wa raketiboli hana mali ya kubadilishana nayo. Magazeti hayatamwandika, na zawadi itakwisha kwenye nauli na matibabu ya goti. Kitu pekee kinachobaki mkononi mwake ni kule kujua kwamba siku ile alimshinda bora wa dunia. Akikipata kwa pigo la uongo, hana alichopata. Pale malipo ya nje yanapokuwa haba, ukweli wa kazi yenyewe ndio mshahara, na kudanganya ni kujikata mshahara kwa mkono wako. Wazee wa bao wa barazani wanalijua hili bila kufundishwa: hakuna fedha mezani, na ndiyo sababu kete iliyosogezwa kwa wizi inaharibu jioni nzima.

Gonzalez hakuishia kuwa mfano wa mtu mwema aliyekosa. Msimu wa 1987–88, akiwa amepita miaka 35, alimaliza akiwa namba moja, na akaendelea kuingia mashindano ya kulipwa mpaka umri wa miaka hamsini na zaidi. Sitaki kusema kwamba ukweli ulimlipa, kwa kuwa wapo wakweli wengi ambao hawakulipwa. Ninasema tu kwamba haukumzuia.

Lakini tafakari hii ikiishia hapa itakuwa imefanya jambo la hatari. Ni rahisi sana kumsifu anayefanya kazi bila malipo, na sifa hiyo hupendwa zaidi na wale wanaopaswa kumlipa. Mwalimu ameambiwa ualimu ni wito. Nesi ameambiwa thawabu yake iko mbinguni. Msanii ameambiwa apande jukwaani "kwa ajili ya kujitangaza". Mapenzi ya kazi yanaweza kugeuzwa kamba ya kumfungia aliyenayo. Kusema kwamba ubora una thamani hata usipotazamwa si ruhusa ya kutoutazama.

Mexico inatuonyesha upande wa pili. Paola Longoria alizaliwa mwaka 1989, akakulia San Luis Potosí, akaanza raketiboli utotoni. Akiwa na miaka 19 alikuwa namba moja wa ligi ya wanawake, na akaja kumaliza misimu akiwa kileleni zaidi ya mara kumi. Kati ya 2011 na 2014 alishinda mechi 152 bila kupoteza. Mwaka 2011, Michezo ya Pan American ilipofanyika Guadalajara, nchini kwake, alitwaa medali tatu za dhahabu, na Toronto mwaka 2015 akatwaa tatu nyingine. Ustadi wake haukuwa wa aina tofauti na ule wa Waselenchuk. Kilichokuwa tofauti ni kwamba nyuma yake palikuwa na taifa linalohesabu medali za Pan American, serikali inayotenga fungu kwa wanaozileta, na umma unaomjua kwa jina. Mcheza kwao hutunzwa. Na Bolivia, nchi ambayo haikuwahi kupata dhahabu katika michezo hiyo, iliipata ya kwanza Lima mwaka 2019, katika raketiboli, kwa timu ya wanaume. Mchezo uliozaliwa Connecticut na kupungukiwa makazi huko ulipokewa na watu wengine, wakautunza.

Kinachokosekana ni lango kubwa zaidi. Raketiboli ilikuwemo katika Michezo ya Dunia ya kwanza kabisa, Santa Clara, 1981, na shirikisho lake linatambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, lakini Olimpiki yenyewe haijawahi kuichezesha. Kwa nchi nyingi, mchezo usiokuwa wa Olimpiki hauna fungu, na usio na fungu hauna makocha, viwanja wala watoto. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini hatujawahi kusikia juu ya bingwa fulani, jibu mara nyingi halimo katika raketi yake. Limo katika kamati, katika bajeti, katika uamuzi wa nani atakumbukwa na nani atasahauliwa, na maamuzi hayo hufanywa na watu, kwa hiyo yanaweza kufanywa vingine.

Mzazi anayejiwa na mtoto akasema anataka kuishi kwa jambo ambalo soko lake ni dogo, liwe mchezo, ususi, tarabu au utafiti wa wadudu, huwa anavutwa pande mbili. Upande mmoja unamtaka amkataze kwa sababu hakuna fedha. Upande mwingine unamtaka ambariki kwa maneno mazuri na kumwachia njaa agundue mwenyewe. Maisha ya wachezaji hawa yananishawishi kwamba maswali ni mawili na yajibiwe moja moja. La kwanza ni la chakula: utakula nini, nani atakudhamini, utafundisha nani, mwili wako utadumu mpaka lini, na baada yake una nini? Longoria alisomea uhandisi huku akicheza. Hakuona kwamba kujiwekea akiba ya maisha ni kuusaliti mchezo. La pili ni la hadhi: je, utaifanya kazi hii vilevile siku ambayo mwamuzi hakuona? Mtoto mwenye jibu la swali moja tu bado hajawa tayari, na mzazi asimpunguzie mojawapo kwa sababu ya kulipenda lile lingine.